Hapa Pana Mtu

Watu wakiniuliza tulichaguaje kanisa, hutegemea niwasimulie habari za mafundisho, au kwaya, au darasa la watoto. Mimi huwaambia ukweli: siku tuliyokata shauri nililala mahubiri yote, kuanzia somo la kwanza mpaka amina. Wanacheka, wanadhani natia chumvi. Sitii. Lakini usingizi wenyewe una kisa, na kisa hicho ni cha mama mkwe wangu, na siwezi kukieleza bila kwanza kujisema vibaya.

Naoka mikate. Nimeoka tangu kabla sijaolewa, kwenye kiwanda kidogo chenye matanuri mawili na mashine moja ya kukandia unga inayokohoa kila ikiwashwa. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole mpaka mafundi wenzake wanamwonea. Tuna binti mmoja wa miaka kumi na miwili ambaye nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna jambo analoliacha lipite bila kulitolea hukumu. Wa nne ni Mama, yaani mama wa mume wangu.

Mama alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani kwake kwa miaka thelathini na mmoja. Usidhani ni kazi ya kusimama na kuchekea watu. Alikuwa na mpango wake. Mtu akikanyaga kizingiti, Mama alimtazama viatu kwanza, kisha uso, na kabla salamu hazijaisha alishajua ampeleke wapi. Mwenye vumbi mpaka vifundoni ametoka mbali, huyo alikaa karibu na mlango wa pembeni palipokuwa na maji ya kunywa. Mjane mpya hakukaa peke yake wala na wajane wenzake. Aliwekwa jirani na mama mmoja msemaji sana, kwa sababu, Mama alisema, mtu hawezi kulia huku anatafuta nafasi ya kujibu. Wenye kofia kubwa walienda nyuma. Waliogombana walijikuta benchi moja, na katikati yao mtoto wa mtu mwingine kabisa. Mchungaji alihubiri, lakini kanisa lilipangwa na Mama.

Na mimi nilimchukia kwa kazi hiyo hiyo. Miaka minne ya mwanzo ya ndoa yetu tulisali kanisani kwake, na wakati huo nilikuwa zamu ya usiku. Jumapili nilitoka kazini jua limeshapanda, nikaenda ibadani moja kwa moja, unga kwenye nyusi, macho mekundu, na kila mara nilikuta wimbo wa pili umeanza. Nilichotaka ni kujipenyeza nyuma kabisa nisionekane. Mama hakuniachia. Alinipokea mlangoni bila neno, akanishika mkono kama muuguzi anayepima mapigo, akanitembeza katikati ya kanisa zima mpaka benchi la pili kutoka mbele, mwishoni, kwenye nguzo. Nafasi ile ilikuwa wazi kila Jumapili, hata siku ambazo watu walisimama. Mara mbili nilimsikia kwa masikio yangu akimzuia mtu: hapa pana mtu. Kisha ananileta mimi, na vichwa vyote vinageuka.

Niliamini ananianika. Niliamini anawaonyesha watu mke wa mwanawe asiyejua saa. Sikumuuliza, maana ulimi wangu ukishafunguka haujui kujifunga, na yule ni mkwe. Nilimeza kwa miaka minne, halafu nikamhamisha mume wangu kanisa. Nilisingizia umbali. Mama alisema sawa, akatufungia maandazi ya njiani ingawa tulikuwa tunahama mitaa sita tu.

Kanisa tulilohamia lilikuwa dogo, jirani na nyumbani, na tulikaa hapo miaka kumi bila makuu. Mwaka jana Mama akaanza kusahau. Alibandika sufuria jikoni, akaenda kwa jirani kuomba chumvi, akakaa huko mpaka moshi ulipomfuata. Tukamchukua aje kuishi nasi, akapewa kitanda chumbani kwa Hakimu. Alisahau majina. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba mumewe alishafariki, akawa anamwekea chai. Kuna siku alinijua, na kuna siku aliniita Dada wa Mikate, na nikiri hapa kwamba Dada wa Mikate alipendwa kuliko nilivyowahi kupendwa mimi. Alishukuriwa kwa kila kipande. Nilipokea upendo ule jinsi ulivyokuja, sikuuliza ni wa nani.

Kitu kimoja tu hakikufutika, nacho ni mlango. Tulipompeleka kanisani kwetu Jumapili ya kwanza, hatukumaliza kukaa. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akaanza kazi. Aliwapokea watu waliosali pale miaka ishirini na kuwakaribisha kama wageni. Aliwahamisha. Mzee mmoja alitolewa kwenye kiti chake kwa kuambiwa kwamba ana mafua na atawaambukiza kwaya, na kweli alikuwa na mafua. Watu walicheka wiki ya kwanza, wakatabasamu wiki ya pili, wiki ya nne wakaacha kutabasamu.

Baada ya miezi miwili mzee wa kanisa akaja nyumbani. Alikuja kwa adabu zote, akakaa, akakata mkate wangu, akapaka siagi, akasema wamelifikiria jambo hili kwa upendo. Tunaonaje Mama akawa anapumzika nyumbani siku za Jumapili? Mungu anasikia popote.

Sasa jambo la kujisema vibaya ni hili. Maneno hayo hayo, karibu yote, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia mume wangu Alhamisi iliyotangulia, nimesimama pale pale kwenye sinki. Jumapili ni siku yangu pekee ya kupumzika, nilimwambia, na ninaitumia kumkimbiza mama yako kati ya viti. Mume wangu alisikitika, akasema atafikiri. Lakini kuyasikia kutoka mdomo wa mtu mwingine, mdomo wenye mkate wangu ndani, kulinipanda kichwani. Nilimtolea uvivu.

"Basi tutapumzika wote," nikamwambia. "Wanne. Mtuagie watu."

Mzee wa kanisa alimaliza chai yake haraka, akaondoka. Mume wangu alikaa akitazama mlango uliofungwa. Kisha akauliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, tutasali wapi sasa. Sikuwa nimefikia hapo. Hakimu ndiye aliyeleta daftari. Alisema kama tunatafuta lazima kuwe na masharti, vinginevyo tutazunguka mpaka aolewe. Nikamtajia masharti huku bado nina hasira: tuingie wote wanne mlango mmoja, tukae chini ya paa moja, na asitokee mtu wa kumwambia Mama akae chini. Hakimu akaandika. Chini yake akaongeza la kwake, kwamba mahubiri yasizidi nusu saa.

Kanisa la kwanza lilikuwa kubwa, na mume wangu alilipenda kabla hatujaingia, kwa sababu alisikia viyoyozi vyake kutoka nje na kuvitaja aina. Niseme haki: lilikuwa zuri. Waliimba mpaka nikasahau miguu yangu inauma, na walipoomba kwa ajili ya wagonjwa waliwataja mmoja mmoja kwa jina, bila haraka. Wahudumu wa mlangoni walikuwa kumi na wawili, wamevaa mavazi ya rangi moja, na vifaa vya kusikilizia sikioni. Mama aliwakuta wamejipanga, akasimama wa kumi na tatu. Aliposhika mkono wa mtu wa tatu, binti mmoja alimjia, akamwinamia vizuri sana, akamwambia kuna chumba cha wazee, kina viti laini na chai, na ataona ibada yote kwenye runinga.

Nilimwacha akapelekwa. Miguu ilikuwa inauma, nimeshasema. Katikati ya ibada dhamira ikanisuta, nikaenda kumwangalia.

Chumba kilikuwa na wazee kama ishirini. Baadaye yule binti aliniambia kwamba kila Jumapili wazee wale hukaa wamepangwa kuelekea runinga, na nusu yao husinzia. Siku ile hakuna aliyesinzia. Mama alikuwa ameshavuta viti. Mzee asiyesikia vizuri alikuwa mbele kabisa, sikio zima upande wa spika. Bibi mwenye mkono uliopooza alikuwa amewekwa kushoto kwa bibi mwenye mkono mzima, na yule mzima alikuwa anamshikia kikombe kana kwamba wamefanya hivyo tangu utoto. Babu wawili walikuwa wamegundua walisoma shule moja. Nilisimama mlangoni nikahesabu mambo aliyoyaona kwa dakika arobaini, mtu asiyejua leo ni siku gani. Nimefanya kazi na wasimamizi wa zamu wenye vyeti vya kila namna. Hakuna hata mmoja anayeweza kutazama watu ishirini na kujua nani anamhitaji nani. Na karibu na dirisha, pembeni ya nguzo, kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Nilipotaka kukalia Mama akanizuia.

"Hapa pana mtu, Dada," akasema.

Nilikaa sakafuni. Njiani kurudi nilimwambia mume wangu kwamba mama yake ni bingwa. Akanitazama kana kwamba nimebadilishwa. Hakimu akasoma hukumu: nyimbo, kumi juu ya kumi, paa moja, sifuri, kwa sababu Bibi alikuwa chumba kingine. Hakurudi nyuma hata baba yake alipotetea viyoyozi.

Jumapili iliyofuata tulijaribu kanisa la zamani lenye mabenchi ya mbao nzito na utulivu ambao hata mimi niliogopa kuuvunja. Hapa Mama hakukatazwa mlango. Mhudumu alikuwa babu mmoja mwenye fimbo, akampisha kwa heshima, na kwa robo saa mambo yalikwenda. Lakini mabenchi yale yalikuwa na wenyewe. Hayakuandikwa jina, ila kila mtu alijua. Mama akamkalisha mgeni mwenye mtoto mchanga kwenye benchi la familia moja kubwa, halafu akasimama kuilinda nafasi moja kwenye nguzo. Mke wa mwenyekiti wa baraza alipofika, akakuta nafasi yake ndiyo hiyo.

Mama alimwambia hapa pana mtu. Mke wa mwenyekiti akamwambia mtu mwenyewe ni yeye. Mama akamtazama viatu, akamtazama uso, akamwambia hapana, wewe umelala vizuri. Sauti ilisikika mpaka kwa mpiga kinanda. Mwenyekiti akainuka, akamshika Mama bega, hakumsukuma, sitaki kumsingizia mtu, ila alimwambia akae chini, na alimwambia kwa sauti anayoambiwa mtoto.

Mama akakaa. Alikaa ibada nzima mikono magotini, hakuimba. Nje, tulipokuwa tunasubiri mvua ipungue kwenye baraza ya kanisa, akaanza kulia, na akaniuliza mimi, maana nilikuwa karibu.

"Nimekosa nini, Dada? Nimewaweka vibaya?"

Nilimwambia amewaweka vizuri. Nilimwambia hakuna aliyewahi kuwaweka vizuri zaidi yake. Nilikuwa nasema kweli, na ilinichoma kwamba nimechelewa miaka kumi na minne kuisema, na kwamba nimeisema siku ambayo hanijui.

Nyumbani, Mama alipokwisha kulala mchana, mume wangu alifunga mlango wa jikoni. Alisema hawezi kumwona mama yake akilia tena hadharani. Alisema tulijaribu. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuwa tayari kukaa naye Jumapili, na sisi tungerudi kanisani kwetu na kuomba radhi. Alizungumza taratibu, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo sikumrukia. Nilimwomba Jumapili moja tu. Ikishindikana, nitamwomba radhi mzee wa kanisa kwa mdomo wangu mwenyewe. Anajua bei ya mdomo wangu kuomba radhi, akakubali.

Kanisa la tatu nilielekezwa na dereva wetu wa mikate. Halikuwa na jengo. Walisali kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, viti vya plastiki, nguzo za zege zilizobanduka rangi, na ubao wa matangazo wenye ratiba ya mitihani ya mafundi bomba. Sikutegemea makubwa. Jumamosi nilimfulia Mama kitambaa chake cheupe cha kichwani, nikakipiga pasi. Alikaa akinitazama, akaniambia pasi ipite kwenye mshono kwanza. Nikafanya alivyosema.

Jumamosi hiyo hiyo jioni msimamizi akapiga simu. Mwenzangu ameumwa, oda ya hospitali lazima itoke, niingie zamu ya usiku kama zamani. Nilimwambia mume wangu atangulie na hao wawili, mimi nitawakuta. Alinitazama, na nilijua anachowaza, kwamba Jumapili ya mwisho yenyewe sitakuwepo kumshika Mama. Akachukua kitambaa cheupe, akakitundika kwenye msumari wa mlango.

Nilitoka kazini mikate ya mwisho ikiwa bado inafuka. Nilikuwa nimesimama kwa saa kumi mfululizo. Nilikwenda nusu nikikimbia, na njia nzima niliona picha moja tu: Mama ameketishwa kona fulani, mikono magotini. Nilikwisha kuyapanga maneno ya kumwambia yeyote aliyemgusa. Kwa kulaani nilikuwa nimefika kwenye kizazi cha pili cha ukoo wa mtu huyo nilipoingia geti la chuo na kusikia kwamba wimbo wa pili umeanza.

Mlangoni alisimama Mama, kitambaa cheupe kimenyooka. Pembeni yake, ndani kidogo, alikuwa mwanamume mnene, mrefu, mabega kama kabati, amevaa beji ya mhudumu. Baadaye nilijua ni muuza nyama. Aliponiona akanisogelea, akaniuliza kwa kunong'ona kama mimi ni mtu wa Mama. Nikasema ndiyo, nikajiweka tayari kwa vita.

Hakuleta vita. Alinieleza, na ilionekana bado anashangaa, kwamba Mama alifika akasimama alipokuwa amesimama yeye. Yeye alipoona hivyo akamuuliza, Mama, mimi sasa nisimame wapi. Mama akamjibu kwamba yeye ni mkubwa mno, anatisha watu wenye aibu, asogee ndani ashike watoto wanaokimbia. Akasogea. Alisema amesimama mlango ule miaka mitano na hakuwahi kujua kwamba anatisha, lakini leo watu watatu ambao siku zote huishia getini kusikiliza wameingia. Kisha akaniuliza kama Jumapili ijayo Mama anaweza kufika saa mbili na nusu, maana wahudumu huwahi kupanga viti, na leo wamevipanga kisha yeye akavipangua vyote.

"Ni kiti kimoja tu hatujamwelewa," akasema. "Kule kwenye nguzo. Watu wamesimama, naye anasema pana mtu. Tumekiacha."

Nilitazama. Safu ya pili kutoka mbele, mwishoni, kwenye nguzo, kiti cha plastiki cheupe kilikuwa kitupu. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa na hakuna aliyekikalia, kwa sababu tu bibi mmoja mgeni amesema pana mtu.

Mama alikuwa ameshanifikia. Alinitazama viatu. Vilikuwa vyeupe kwa unga. Akanitazama uso, akakaa hapo muda, na nikaona kwamba leo si siku ya kunijua.

"Umetoka kazini," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hujalala."

"Sijalala."

Akafikiri. Aligeuka kuangalia ukumbi, safu kwa safu, nyuma mpaka mbele, kama ninavyomwona fundi wa tanuri akitafuta sehemu yenye moto sawa. Hapakuwa na nafasi. Akashusha pumzi.

"Kiko kiti kimoja, ila kina mwenyewe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni cha mke wa mwanangu. Anaoka mikate usiku kucha, halafu anakuja kusali hivyo hivyo, hajalala. Wengine wana usingizi wanabaki vitandani. Yeye anakuja. Sasa nikimwacha nyuma, kule kuna kelele za watoto. Pale kwenye nguzo pana upepo wa dirisha, ana pa kuegemeza kichwa, na mchungaji hamwoni akisinzia. Namwekea kila Jumapili."

Niligeuka kukitazama tena kile kiti.

"Ana maneno machache na mimi," Mama akaendelea. "Nadhani ananiogopa. Lakini analala vizuri pale, mimi huwa namwangalia."

Miaka minne. Nilihesabu pale pale nimesimama: Jumapili mia mbili na zaidi alizoilinda nafasi ile dhidi ya watu waliosimama, na kila Jumapili nilikaa hapo nimenuna, na kila Jumapili, sasa nakumbuka, nililala. Nililala na hakuna aliyewahi kuniamsha. Niliamka wimbo wa mwisho, shingo haiumi, nikaondoka na kinyongo changu.

Mama akanishika mkono, pale pale alipozoea kunishika, vidole juu ya mapigo.

"Kikalie kwanza wewe," akasema. "Akija utampisha."

Akanitembeza katikati ya ukumbi. Vichwa viligeuka, kama zamani. Zamani nilikuwa natazama sakafu. Safari hii niliinua macho, nikaona walikuwa wanamtazama nani. Walimtazama Mama anavyotembea mbele yangu, mgongo umenyooka, ananipasulia njia kama mtu anayemleta bibi harusi. Mume wangu alikuwa upande wa pili na Hakimu. Daftari lilikuwa limefungwa magotini mwa binti. Mume wangu akaniinulia nyusi kuniuliza, hapa? Nikamwitikia kwa kichwa. Alijifuta uso kwa kiganja, akageukia mbele.

Tulipofika kwenye nguzo Mama alikifuta kiti kwa ncha ya kitambaa chake, ingawa kilikuwa safi.

"Asante, Mama," nikamwambia. "Asante kwa zote."

"Nyamaza, ibada imeanza," akasema, akarudi mlangoni kwake.

Upepo wa dirisha ulikuwepo, kama alivyosema. Niliegemeza kichwa kwenye zege, nikajisogeza ukingoni kabisa mwa kiti, nikaacha nafasi ya mtu mwembamba pembeni yangu, ili mkwe wake akija asikose pa kukaa. Kisha nikalala.